Kermesi ya Parokia na Daftari la Mama Mweka Hazina

Kermesi ya parokia yetu ilifanyika Juni au mwanzoni mwa Julai, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa na mihogo imekauka juu ya mapaa. Kolwezi, mji wetu, iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi hiyo haipati tone la mvua. Asubuhi baridi huuma vidole, mchana jua huwaka, na upepo wa alasiri huinua vumbi jekundu hadi ndani ya sufuria. Tulifunika kila kitu: vyakula, vikombe, hata meza ya zawadi za tombola. Mtoto aliyepewa kazi ya kufunika chakula alikuwa na kazi kubwa kuliko alivyodhani.

Nilikulia katika kambi ya Gécamines, kampuni ya madini, si mbali na Musonoi, na baba alikuwa mfanyakazi wa kampuni kama baba za rafiki zangu wote. Wasiokulia kambini huenda wasielewe maana yake. Nyumba ilikuwa ya kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, unga wa mwezi ulitoka kwa kampuni, na kengele ya kazi ndiyo iliyogawa siku yetu. Ilikuwa hivyo tangu enzi za Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, na haikubadilika serikali ilipoitwaa mwaka 1967. Hata kermesi ilibebwa na kampuni. Wazee walitusimulia kwamba zamani lori lilikuja na viti, mafundi wa umeme walikuja kuvuta waya, na mkuu wa kambi alikaa mstari wa mbele akiwa na mke wake.

Kermesi niliyoifanyia kazi mimi ni ile iliyokuja baadaye. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto ikaporomoka, kisha zikafuata vurugu na uporaji, na kufikia mwaka 1994 tani hazikufika hata 40,000. Mishahara ikachelewa, halafu ikakoma. Mwaka 2003 ukaja mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa kiasi cha fedha na kuambiwa kwaheri. Wakauita kuondoka kwa hiari. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani na karatasi, akaiweka ndani ya Biblia, na kesho yake akaenda kutafuta shamba.

Hapo ndipo parokia ilipojikuta na shule yenye paa linalovuja na isiyo na madawati, na hakuna wa kumpigia simu. Padri alisimama baada ya Misa akasema mambo mawili: mvua zitaanza Oktoba, na mabati hayana budi kununuliwa kabla ya hapo. Kisha akauliza nani atasaidia kuandaa kermesi. Kina mama ndio waliosimama kwanza. Sisi vijana tulisimama baada ya mama zetu kutugeukia na kututazama.

Kanisa la kwetu lina historia yake katika jambo hili la kusimama pamoja. Ni huku kwetu, katika kambi za Ruwe na Musonoi, ambako mwaka 1953 padri Mfransisko Placide Tempels, yule aliyeandika kitabu juu ya falsafa ya Kibantu, alianza kukaa na wafanyakazi na wake zao, akiwasikiliza kuliko kuwahubiria. Kutokana na mazungumzo yale ikazaliwa harakati iliyoitwa Jamaa. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, lakini wanajamaa walibaki, na kiongozi wa kamati yetu alikuwa mmoja wao pamoja na mke wake. Tuliwaita Baba na Mama, na hawakuwahi kuja kazini mmoja mmoja. Neno lao la kila siku lilikuwa mapendo, na kwao mapendo yalimaanisha mambo kama kuleta kuni mbili zaidi ya ulizoombwa, au kumfuata nyumbani mtu aliyekasirika kikaoni kabla hajalala.

Kazi iligawiwa kwa jumuiya ndogondogo, zile za majirani wa barabara moja wanaosali pamoja katikati ya wiki. Maaskofu wa Kongo walizichagua kuwa msingi wa Kanisa tangu mwaka 1961, na kwa kermesi zilifaa sana. Kila jumuiya ilipewa kibanda chake. Moja bukari (ugali wetu) na samaki wa Nzilo, nyingine sombe (majani ya mihogo) na makayabu (samaki wa chumvi), nyingine vitumbua na chai, nyingine michopo ya mbuzi. Munkoyo ulipewa jumuiya ya barabara ya juu, kwa sababu kule aliishi mama mmoja aliyejua mizizi ya kweli ya munkoyo na mahali pa kuichimba. Alianza kupika uji wa mahindi siku mbili kabla, akauacha na mizizi yake uchachuke taratibu, na hakuruhusu mtu kufunua mtungi. Saa nne asubuhi ya siku yenyewe ulikuwa mtamu. Jioni ulikuwa mkali, na wazee waliungoja hapo.

Mimi nilianza na vyombo. Maji yalikuwa ya kuteka mbali, sahani za karatasi hatukuwa nazo, kwa hiyo sahani zilezile zilizunguka siku nzima: kibandani, mkononi mwa mla, kwenye karai la kwanza, la pili, la tatu, kisha kibandani tena. Tukichelewa, foleni ya bukari ilisimama, na foleni ya bukari ikisimama parokia nzima ilijua ni akina nani wako kwenye makarai. Pale ndipo nilipowajua watu. Nilijua nani anarudisha sahani mwenyewe na nani anaiacha chini ya kiti. Nilijua mwalimu wetu wa hesabu anakula vitumbua vingi kuliko mtu yeyote wa parokia. Nilijua pia kwamba kuna watoto waliokuwa wakizunguka karibu na makarai wakingoja mabaki, na Mama wa kamati alipoliona hilo aliagiza chungu kimoja kitengwe kwa ajili yao kabla biashara haijaanza, wale kwenye meza kama wengine. Hakutangaza. Liliandikwa daftarini tu, kwenye matumizi: chungu kimoja, watoto.

Kibanda kilichokuwa na foleni ndefu kuliko vyote kilikuwa cha mama mmoja mwenye asili ya Kasai. Lazima nieleze kidogo, kwa sababu wasomaji wa mbali hawajui na vijana wa Kolwezi wa leo hawasimuliwi. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga, wengi wao wakiwa wamezaliwa hukuhuku, watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière. Huko Likasi na hapa Kolwezi maelfu walilala kwenye kituo cha reli wakingoja treni, na wengi walifia pale, hasa watoto. Mama yule aliondoka katika wimbi lile. Alirudi miaka mingi baadaye, akakuta nyumba yao ina watu wengine, akapanga chumba kambini na kuanza kuuza sombe, ambayo kwao huitwa matamba, iliyotwangwa laini na kupikwa muda mrefu hadi mafuta yapande juu.

Mwaka wa kwanza alipojiandikisha kupika kwenye kermesi, kikaoni palikuwa na kimya. Baba wa kamati hakuhutubia. Alisema, “Mama, tutakutafutia vyungu vingapi?” Naye akasema vitatu. Siku ya kermesi vyungu vitatu vilikwisha kabla ya adhuhuri, na baadhi ya waliopanga foleni walikuwa watu ambao mwaka ule wa treni walikuwa wamefunga milango yao. Sijui walimwambia nini walipofika mbele. Mimi nilikuwa nyuma yake na sahani zilizooshwa, nikamsikia akimwuliza kila mmoja kitu kilekile, “Pilipili niweke?” Naamini kwamba Kolwezi ilihitaji mahakama na tume na maneno ya viongozi juu ya jambo lile, na haikuvipata vya kutosha. Foleni ile haikuwa badala yake. Lakini ilikuwepo, na niliiona.

Fedha hazikupokelewa vibandani. Hiyo ndiyo kanuni iliyotuokoa. Palikuwa na meza moja tu ya fedha, chini ya mwembe, na pale mtu alinunua vikaratasi vilivyokatwa kutoka majalada ya madaftari na kugongwa muhuri wa parokia. Kibandani ulitoa kikaratasi, ukapewa chakula. Jioni kila jumuiya ilileta vikaratasi vyake mezani, vikahesabiwa na kulinganishwa na vilivyouzwa. Mgeni mwenye haraka alipojaribu kumpa mpishi noti, mpishi alijibu kwa sauti ya kusikika, “Baba, feza inalipiwa kule kwa meza, apa tunapokea karata tu.” Alisema kwa sauti ili na majirani wasikie kwamba hakupokea.

Baada ya chakula palikuwa na michezo, mbio za magunia za watoto, kwaya, na mechi ya akina baba dhidi ya vijana ambayo akina baba walishinda kila mara, kwa kuwa mwamuzi alikuwa mmoja wao. Lakini watu walikuwa wakingoja mnada.

Mnada wa kwetu haukuwa kama wa sokoni. Sokoni hulipa yule wa mwisho peke yake. Kwetu kila aliyepandisha bei alilipa palepale kile alichoongeza, kikaingia kapuni, na aliyetaja nyongeza ya mwisho ndiye aliyeondoka na kitu. Nanasi likianza kwa faranga 200, mjane wa mstari wa nyuma aliweza kuongeza 50. Alitembea mbele ya watu wote, akaweka 50 zake kapuni, akapigiwa makofi na akarudi kukaa. Hakulipata nanasi na hakulitaka. Alitaka kushiriki katika bati, na bati lile lilipopanda juu ya paa alikuwa na haki ya kulitazama kama mwenyewe. Nanasi moja lingeweza kupita katika mikono ya watu ishirini na kuacha fedha za kununua mfuko wa saruji.

Viliuzwa vitu vya kila namna. Jogoo. Gunia la mahindi mapya. Kikapu cha vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, vilivyokaushwa tangu mwanzo wa mvua. Vitambaa vya meza vilivyotariziwa na akina mama waliojifunza kushona katika vituo vya kampuni vya akina mama, miaka ile ambapo vituo vilikuwa bado vinafundisha. Nakumbuka hasa sinia la shaba iliyofuliwa kwa nyundo, lenye umbo la msalaba wa Katanga, ule wa mikono minne iliyo sawa ambao wahunzi wetu wa zamani waliuyeyusha na kuutumia kama fedha karne nyingi kabla ya Mbelgiji kufika. Mzee aliyelifua alikuwa fundi mstaafu wa karakana. Wazee wenzake, walioondoka kazini pamoja naye mwaka 2003, walilipandisha faranga kwa faranga, polepole, hadi mpiga mnada akaishiwa sauti. Aliyelipata aliligeuza na kumrudishia padri: liuzwe tena mwaka ujao.

Kisha ukaja mwaka wa mnunuzi wa madini. Miaka ile bei ya kobalti ilikuwa imepanda, wachimbaji walikuwa kila kilima, na kule Musompo kwenye barabara ya Likasi nyumba za kununulia madini zilipangana mstari mrefu. Mtu mmoja wa biashara hiyo alihudhuria, akaketi mbele, na kila kitu kilipoinuliwa alitaja papo hapo dola 100. Jogoo, dola 100. Mahindi, dola 100. Nani angeongeza juu yake? Katika nusu saa mnada ulikwisha, kapu lilijaa kuliko mwaka wowote, na watu wakaenda nyumbani mapema. Wengine katika kamati walifurahi. Mama mweka hazina hakufurahi. Kwenye kikao cha tathmini alisema kwamba fedha ni nyingi lakini jina ni moja, na kwamba mwaka ambao mtu huyo hatakuja tutakuwa tumesahau kazi. Wakabishana hadi usiku. Mwishowe ikaamuliwa kwamba nyongeza isizidi kiasi fulani kidogo kwa mara moja, na mwenye kingi zaidi akiweke bahashani, apate stakabadhi. Mimi nilikuwa upande wa mweka hazina kikaoni na niko upande wake hadi leo.

Maana nilikuwa nimeanza kumsaidia kuandika. Alikuwa mke wa fundi wa reli, mwanamke mfupi asiyeinua sauti, na alishika daftari la kermesi kama wengine wanavyoshika mtoto mchanga. Usiku wa kermesi tulikaa ofisini mwa parokia na taa ya mafuta: yeye, mimi, padri, na mtu mmoja wa jumuiya iliyochaguliwa kwa kura. Hakuna aliyehesabu peke yake. Noti zilinyooshwa na kupangwa, zile za 50 na 100 zilizonuka samaki na makaa. Nikienda haraka aliweka kidole juu ya mkono wangu. “Mwana, iyi ni feza ya bantu. Hesabu polepole.”

Jumapili iliyofuata, baada ya komunyo, alisimama mbele na daftari. Hakusoma jumla tu. Alisoma kila kitu: mbuzi wangapi na bei yao, chumvi, mafuta, makaa, kukodi spika, chungu kimoja watoto. Alisoma kibanda kwa kibanda kilichoingiza. Alisoma nyongeza za mnada kwa kila kitu kilichouzwa. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyetoka. Watoto wenyewe walinyamaza. Alipomaliza aliuliza kama kuna mwenye swali, na maswali yaliulizwa, wakati mwingine makali, naye akajibu ukurasa ukiwa wazi mbele yake.

Nawaomba wasomaji wafikirie jambo hilo lilikuwa na maana gani mahali kama petu. Chini ya miguu yetu palikuwa na shaba na kobalti inayotafutwa na dunia nzima. Mwaka 2007 serikali iliunda tume ya kuipitia upya mikataba ya madini, karibu 60, iliyokuwa imetiwa saini miaka ya vita na ya mpito, na watu wa Kolwezi walizisikia habari zake redioni kwa vipande. Malori yalipita usiku na mchana kuelekea mpakani Kasumbalesa. Hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya wakazi wa kambi yetu akawasomea kilichotoka na kilichoingia, mstari kwa mstari, kisha akauliza kama kuna swali. Hesabu pekee ya hadhara niliyoisikia katika ujana wangu wote ilikuwa ya mbuzi, chumvi na mabati, na ilisomwa na mwanamke aliyeishia darasa la sita. Nilipokuja kusomea uhasibu Lubumbashi nilikuta maprofesa wakieleza kwa mbao mbili mambo niliyokwisha kuyaona chini ya taa ya mafuta.

Mji umebadilika sana tangu wakati ule. Mwaka 2014 mtu mmoja wa Kasulo alikuta kobalti chini ya ua wake, na mtaa mzima ukageuka mashimo. Mwaka uliofuata Lualaba ikawa mkoa, Kolwezi ikawa makao yake makuu, na majumba yakaota kando ya barabara za lami. Parokia zina jenereta, zina spika zao, na vikaratasi vya majalada vimeachia nafasi malipo ya simu. Kermesi zimekuwa kubwa. Nyingi sasa zina mabango ya wafadhili mlangoni, na sina ugomvi na mfadhili anayeleta tangi la maji. Lakini nimehudhuria kermesi ambako mnada ulimalizwa na watu watatu wa mstari wa mbele, na Jumapili yake ikatangazwa jumla moja tu, kwa haraka, kati ya tangazo la ndoa na tangazo la mazishi.

Mabati yale tuliyanunua Agosti, yakapigwa misumari Septemba, na mvua ya kwanza ilipokuja shule ya parokia ilifundisha siku hiyo bila kuhamisha watoto. Mwaka uliofuata yakaja madawati. Mwaka wa baadaye sanduku la wagonjwa, ambalo lililipia dawa za wastaafu wa kampuni waliokuwa wakikohoa vumbi la mgodi na wasio na hospitali ya kwenda.

Vijana wa Kolwezi, wa Fungurume, wa Likasi, mnaosoma haya: kermesi huandaliwa kila kiangazi, na kamati huandika majina baada ya Misa. Nendeni mjiandikishe. Ombeni kwanza kazi ya vyombo. Na Jumapili ya baadaye, ikisomwa jumla peke yake, inueni mkono kwa heshima muulize chumvi iligharimu kiasi gani.